Kabla hujaenda Hayley Wood: tuliyojifunza kwa matope, giza na kupe

Hayley Wood ni msitu wa hekta 50 hivi, magharibi ya Cambridge, na umezungukwa na mashamba ya nafaka. Ukisimama barabarani unauona wote kwa mara moja, mstari mweusi wa miti juu ya nchi tambarare. Mtu aliyekulia karibu na Kakamega, Usambara au Ituri huuliza papo hapo: ndio huu tu? Ndio huu. Lakini msitu huu umeandikwa katika daftari la mali za Askofu wa Ely mwaka 1251, kwa jina hilihili, Heyle, na moyo wake haujawahi kung'olewa ukawa shamba tangu siku hizo. Mwaka 1962 ulinunuliwa na chama cha wapenda mazingira wa mkoa ili usiguswe.

Sisi tulikwenda mara ya kwanza bila kujua lolote kati ya hayo, na tulirudi tumelowa, tumechoka, hatujaona ua tulilolifuata. Tumekwenda mara nyingi baadaye, tukiwa na wageni kutoka Tanzania, Kenya na Kongo. Karibu kila kosa tuliloliona, letu au la wageni, lilikuwa na mzizi mmoja: mtu huingia msitu wa Uingereza na vipimo vya nyumbani. Anapima jua kwa jua la nyumbani, udongo kwa udongo wa nyumbani, uyoga kwa uyoga wa nyumbani.

Anza na mwezi, maana ndio unaoamua utaona nini. Tulikwenda Julai, tukidhani kiangazi ndicho kizuri kwa kila kitu. Tukakuta kivuli kizito, mbu wadogo, majani yaliyofunga juu kabisa, na chini hakuna ua hata moja la kutajika. Sababu yake ni nyepesi. Miti ya majani mapana hupukutisha majani yote msimu wa baridi, na huyarudisha kuanzia mwisho wa Aprili hadi Mei. Kabla ya hapo jua hufika chini, na mimea midogo ina wiki chache tu za kuchanua, kuchavushwa na kujaza mizizi yake chakula cha mwaka mzima. Juni ikifika paa limefungwa, kazi imekwisha. Aliyezoea miombo anajua mti unaopukutisha majani kwa sababu ya ukame. Hapa adui ni baridi, kwa hiyo kalenda inapinduka. Februari utaona maua ya heizeli, mti mfupi wa fito nyingi, yakining'inia kama mikia ya njano kwenye fito tupu. Machi mwishoni huja maua meupe ya anemoni. Kati ya wiki ya pili ya Aprili na wiki ya kwanza ya Mei ndipo penye uzuri wote kwa pamoja. Kama una siku moja tu ya kwenda katika mwaka mzima, iweke wiki ya tatu au ya nne ya Aprili.

Halafu mwanga. Kwetu jua huchomoza na kuzama karibu saa ileile mwaka mzima, kiasi kwamba hata saa zetu za Kiswahili tunazihesabu kutoka hapo. Cambridge, katikati ya Desemba, jua huzama saa 9:50 alasiri, na ndani ya miti giza huanza nusu saa kabla. Juni jua huzama baada ya saa 3:20 usiku. Kundi moja tuliloongozana nalo lilipanga kufika saa 8 mchana mwezi Desemba, "tutembee mpaka jioni." Walipata saa moja na dakika chache. Warudipo njiani, mashimo hayaonekani, na barabara haina taa wala njia ya pembeni ya watembea kwa miguu. Angalia saa ya machweo kabla ya kuangalia hali ya hewa, na panga kuwa nje ya msitu saa nzima kabla ya machweo. Kumbuka pia kwamba Jumapili ya mwisho ya Machi saa husogezwa mbele, na ya mwisho ya Oktoba hurudishwa nyuma. Hilo limewakosesha watu mabasi.

Usafiri ndio gharama kubwa. Kuingia msituni ni bure. Mabasi ya vijijini ni machache, mengine hupita mara mbili au tatu kwa siku, na Jumapili mara nyingi hakuna kabisa. Tangu Januari 2025 nauli ya safari moja kwa mabasi yaliyo kwenye mpango wa serikali haizidi paundi 3, kwa hiyo basi likipatikana ni nafuu sana. Lisipopatikana, teksi kutoka mjini inaweza kula paundi 40 kwenda tu, na tuliwahi kuilipa mara mbili kwa siku moja kwa sababu hatukusoma ratiba ya kurudi. Soma ratiba ya kurudi kwanza, kisha ya kwenda. Na ratiba imeandikwa kwa saa za Kizungu: 15:12 ni saa tisa na dakika kumi na mbili. Mwenye gari hupita barabara ya B1046 kati ya Longstowe na Little Gransden, alama yake ni mnara wa maji. Nafasi ya kuegesha ni ya magari machache, na geti la mkulima halizibwi hata kwa dakika tano, maana trekta hupita siku yoyote. Kutoka hapo unatembea kando ya ua wa miti hadi msituni. Hakuna choo, hakuna duka, hakuna bomba la maji. Jisaidieni kabla ya kuondoka mjini, na kila mmoja abebe lita moja ya maji.

Nguo tulizikosea vibaya zaidi kuliko kitu kingine. Jinzi ikilowa hapa haikauki, na mvua si lazima inyeshe: umande wa nyasi peke yake hukulowesha hadi magotini ndani ya dakika kumi. Vaa suruali nyepesi ya kitambaa kinachokauka upesi, fulana ya chini, sweta, na juu koti la mvua. Vipande vitatu vyembamba vinashinda jaketi moja nene, kwa sababu ukitembea utatoa jasho, ukisimama kutazama ndege utapoa, na unahitaji kuvua na kuvaa. Beba soksi za ziada kwenye mfuko wa plastiki. Na miguuni ni gambuti, si raba. Jozi ya bei ya chini hupatikana kwa paundi 15 hadi 25. Nunua kubwa kwa namba moja ili soksi nene ienee, la sivyo vidole vitakufa ganzi.

Gambuti si anasa, na hapa inafaa nieleze udongo, maana ukiuelewa udongo wa Hayley umeelewa nusu ya msitu. Chini kuna mfinyanzi mzito wenye vipande vya chokaa, ulioachwa na barafu kuu ya zama za kale. Nchi ni tambarare, maji hayana pa kwenda, na mfinyanzi hauyanywi. Kuanzia Novemba hadi Aprili njia nyingi ni tope la kijivu linalonata kama ulezi ulioumuliwa. Mtu anayejaribu kulikwepa kwa kupita pembeni hupanua njia, huponda maua, na mwisho hutumbukia palepale. Pita katikati ya tope, hatua fupi, kisigino kikitangulia kutoka. Ukihisi kiatu kimenaswa usivute mguu juu kwa nguvu. Zungusha kisigino kulia na kushoto kwanza, hewa iingie, ndipo uinue. Fimbo ndefu husaidia.

Tope hilohilo ndilo lililotunza kitu tulichokwenda kukitazama. Kuna ua ambalo kwenye vibao limeandikwa Oxlip, mimi nitaliita oksilipi, na katika Uingereza nzima linaota kwa wingi kwenye misitu ya kale ya mfinyanzi iliyo katika Cambridgeshire, Suffolk na Essex tu. Oksilipi huvumilia maji yanayotuama majira ya kuchipua. Mimea mingine yenye nguvu ya kulisonga haivumilii. Mahali palipokauka kidogo, washindani hao hutawala; palipo na maji, oksilipi husimama. Kwa hiyo ukiona unazama hadi kifundo cha mguu, inama utazame, umekaribia.

Inama kwelikweli, piga goti. Majani yamejikunja makunyanzi kama ngozi ya mkono wa bibi, yametandazwa chini kwa duara. Katikati hutoka kikonyo kimoja chenye vinyweleo, urefu wa shubiri moja au zaidi, na juu yake kishada cha maua ya njano iliyopauka, yote yakiinamia upande mmoja kana kwamba yanasikiliza kitu. Kuna ua jingine la njano linalofanana nalo, ambalo kila ua lina kikonyo chake chembamba kutoka chini kabisa. Hilo ni primirozi, linaota sehemu nyingi za Uingereza, na wageni wengi hulipiga picha wakaondoka wakidhani wameona oksilipi. Tazama kikonyo kabla ya kutazama rangi.

Nirudi kidogo kwenye njia ya kufika, kwa sababu hofu yetu kubwa haikuwa msituni, ilikuwa njiani. Mtu mweusi akitembea peke yake kandokando ya shamba la mtu, mbwa anabweka nyumbani kwa mkulima, vibao vya "Private" huku na huku, moyo hudunda. Tulishawahi kugeuka tukarudi kwa sababu ya hofu hiyo tu. Dawa yake ni kujua sheria. Njia ya umma ya watembea kwa miguu ina mshale wa njano kwenye nguzo. Yenye mshale wa buluu ni ya miguu, farasi na baiskeli. Kwenye njia hiyo una haki ya kupita hata kama inakatiza ngano ya mtu, na hakuna anayepaswa kukuzuia. Nje ya mistari hiyo huna haki hiyo, isipokuwa mwenye ardhi ameruhusu, kama wafanyavyo wamiliki wa hifadhi nyingi ndogo kama hii. Ramani za Ordnance Survey, shirika la ramani la nchi, za aina ya Explorer, zenye jalada la rangi ya chungwa, huonyesha njia hizo kwa vistari vya kijani. Sentimita 4 kwenye ramani ni kilomita 1. Hakikisha umenunua karatasi ya eneo lako, maana nchi imegawanywa karatasi nyingi. Simu isikutoshe, mtandao vijijini hukatika. Geti ulilolikuta limefungwa lifunge, ulilolikuta wazi liache wazi. Na ukikutana na mtu, salamu. Mjini Waingereza hupishana kimya, lakini njia ya shambani husalimiana, "morning" fupi yatosha, na neno hilo moja huondoa wasiwasi pande zote mbili.

Kabla ya kuingia kwenye miti, simama ukingoni utazame chini. Utaona tuta pana la udongo, na nje yake mtaro. Wageni huliruka bila kulitambua. Ni mpaka wa zama za kati, uliochimbwa kwa mikono kuzuia ng'ombe wa wanakijiji wasile machipukizi. Kanuni ya kuusoma: mtaro huwa upande wa nje, tuta upande wa msitu. Ukikuta tuta na mtaro wa aina hii katikati ya miti, jua msitu uliwahi kuishia hapo, na miti iliyo ng'ambo ilikuja baadaye. Upande wa kusini pia kuna tuta la reli ya zamani kati ya Cambridge na Bedford, iliyofungwa mwisho wa 1967. Hilo ni refu na limenyooka, usilichanganye na la kale. Matuta yanaonekana vizuri Januari na Februari, majani yakiwa hayapo.

Ndani, jambo la kwanza linalowachanganya watu ni miti "midogo". Shina moja kwenye kisiki hakuna, kuna fito kumi, ishirini, zimetoka mahali pamoja. Aliyeona mikaratusi ikikatwa Njombe au Limuru, au mijohoro ikikatwa kwa kuni, anajua hii ni nini: umekata, kisiki kimechipua, umerudi baada ya miaka kukata tena. Waingereza wameishi kwa njia hii tangu kabla ya daftari la Askofu. Heizeli hukatwa kila baada ya miaka 7 hadi 10 hivi, msimu wa baridi, karibu na ardhi, kwa mkato ulioinama ili maji yateleze. Fito zilikuwa za nyua, za kuta zinazokandikwa udongo, za kuni. Mialoni michache iliachwa isimame juu yao miongo mingi, iwe mbao na boriti. Mti wa eshi ukikatwa hivyo hauzeeki kama mti wa kawaida, kisiki chake hupanuka tu kwenda nje. Katika msitu wa Bradfield, kule Suffolk, ambao una kumbukumbu za kukatwa namna hii tangu 1252, kuna kisiki cha eshi chenye upana wa zaidi ya mita 5. Mtu hupita akidhani ni miti sita tofauti iliyoota kwa duara.

Hapo Hayley ukataji huo ulikuwa umeachwa, ukarudishwa miaka ya 1960, hasa na kikundi cha watu wa kujitolea. Mgeni anayekuta eneo limekatwa hadi chini na marundo ya fito pembeni hushtuka. Mmoja wetu alikuwa karibu kupiga simu kutoa taarifa ya wizi wa miti. Si uharibifu. Jua likiingia kwenye eneo lililokatwa, mwaka wa pili na wa tatu maua hulipuka kuliko mahali popote. Uliza au soma kibaoni ni eneo lipi lilikatwa miaka miwili iliyopita, nenda hapo kwanza.

Uzio mrefu wa waya ndani ya msitu nao si wa kukuzuia wewe. Kulungu hawana tena mnyama wa kuwala Uingereza, wamezidi, na wanapenda machipukizi ya heizeli na maua ya oksilipi. Kuna hata kulungu mdogo wa asili ya China, muntjac, mwenye kimo cha mbwa wa kati, anayebweka kama mbwa kweli. Jioni sauti hiyo imewahi kuwakimbiza wageni wetu wakidhani ni mbwa mkali asiye na mwenyewe. Tazama pande zote mbili za waya. Ndani maua yamejaa, nje utahesabu moja moja. Geti la uzio likiachwa wazi usiku mmoja, kazi ya miaka imeliwa.

Picha sasa. Kwenye sehemu zenye nafuu ya maji huota blubeli, maua ya buluu yanayofunika ardhi kama khanga iliyotandazwa, na kila mtu anataka kusimama katikati yake. Usikanyage. Jani la blubeli ni laini, limejaa maji, likivunjwa haliinuki tena, na mmea hupoteza chakula cha mwaka ule. Palipokanyagwa sana huchukua miaka mingi kurudi. Picha nzuri hupatikana ukiwa njiani: chuchumaa, shusha simu hadi usawa wa maua, elekeza kamera sambamba na ardhi, na maua ya nyuma yatajipanga kama ziwa. Mtu atakayeona atadhani uko katikati. Kung'oa vitunguu vyake ni kosa la jinai chini ya sheria ya wanyamapori ya 1981, hata kimoja cha kupeleka kwenye chungu nyumbani.

Tazama juu pia. Miti ya eshi inakufa kwa ugonjwa wa kuvu uliothibitishwa katika misitu ya Uingereza mwaka 2012. Majani hukauka kuanzia ncha, matawi hubaki uchi katikati ya kiangazi, na mti mgonjwa huvunjika bila kulia, tofauti na tawi bichi linalolalamika kabla ya kukatika. Siku ya upepo mkali usiingie. Siku nyingine yoyote, ukitaka kukaa kula, chagua chini ya heizeli au mwaloni mzima, si chini ya eshi yenye kilele kitupu. Ajali ikitokea piga 999 au 112. Kama mtandao hautoshi kuongea, ujumbe mfupi huweza kupita, lakini lazima simu iwe imesajiliwa mapema: tuma neno "register" kwenda 999 ukiwa bado nyumbani, ufuate maelekezo. Andika pia kwenye karatasi namba za eneo la msitu kutoka kwenye ramani, maana "tuko msituni karibu na mnara wa maji" haitoshi.

Nafika kwenye kula, na hapa naomba nisomwe taratibu. Sisi ni watu wa kuchuma. Tukiona jani bichi laini tunaona mboga. Majira ya kuchipua ardhi ya misitu mingi ya aina hii hufunikwa na mmea wa kijani mbichi wa kimo cha sentimita 20 hadi 40, unaovutia macho ya mpishi kama mchicha mchanga. Ni Mercurialis perennis, ni sumu, hutapisha na kuharisha vibaya. Kwenye misitu mingine kuna kitunguu saumu mwitu ambacho kweli huliwa, lakini katikati yake huota Arum maculatum, jani lenye umbo la mkuki linalochoma koo. Kunusa vidole hakusaidii baada ya jani la kwanza, kwa kuwa mkono wote tayari unanuka kitunguu. Usivune mafungu, tazama jani mojamoja, au acha.

Uyoga ndio unaotutia hofu zaidi. Watu wa Lubumbashi, Iringa, Tabora na Zambia hula uyoga mkubwa mweupe wa miombo, Amanita zambiana, wenye kikombe chini ya shina na pete juu. Wameula tangu utoto, wanaujua kama wanavyojua mama zao. Chini ya mialoni ya Uingereza, Agosti hadi Novemba, huota ndugu yake, Amanita phalloides. Kofia yake mara nyingi ni ya kijani kilichofifia, lakini huweza kupauka hadi karibu nyeupe. Una kikombe chini, una pete, una harufu isiyotisha, na waliokula wakapona wamesema una ladha nzuri. Unaua. Kuuchemsha, kuukausha au kumwaga maji ya kwanza hakuondoi sumu. Dalili hukawia saa 6 hadi 12 au zaidi, kisha kutapika na kuharisha, kisha siku moja ya nafuu inayodanganya, na wakati huo ini linaoza. Anayeujua uyoga wa nyumbani ndiye aliye hatarini kuliko asiyejua uyoga wowote, kwa sababu yeye ana uhakika. Usichume kabisa. Na kama mtu amekwisha kula, nenda hospitali kabla ya dalili, ukiwa na mabaki ya uyoga kwenye karatasi, si kwenye plastiki.

Matunda meusi ya miiba, ya Agosti na Septemba, hayo watoto wayale barabarani kwenye nyua, lakini yachumwe juu ya kiuno, mbwa hukojoa chini. Ndani ya hifadhi soma kibao kwanza. Watoto pia wafundishwe mmea uwashao wenye majani ya msumeno, unaosimama kwa makundi kingo za njia: mwasho wake ni wa dakika au saa chache, osha kwa maji baridi, usikune.

Kupe nimewaacha mwisho kwa sababu shughuli yao huanza ukishatoka. Kwetu kupe ni habari ya ng'ombe, ndigana kali na josho. Hapa ni habari ya mtu: baadhi yao hubeba ugonjwa wa Lyme, unaoletwa na bakteria. Hawaruki wala hawaanguki kutoka mitini. Hukaa kwenye ncha za nyasi na majani, hasa kuanzia Aprili hadi Oktoba, wakisubiri mguu upite. Yule mchanga ni mdogo kuliko punje ya ufuta. Chomeka suruali ndani ya soksi, vaa nguo za rangi nyepesi umwone akipanda, tembea katikati ya njia. Ukifika nyumbani vua zote, jikague nyuma ya magoti, kinena, kwapa, kitovu, nyuma ya masikio, na watoto kwenye mstari wa nywele. Ukimkuta, usimpake mafuta ya taa, usimchome kwa kiberiti, usimminye. Akishtuka hutapika ndani ya damu yako. Chukua kibano chenye ncha nyembamba, mshike karibu kabisa na ngozi, vuta juu taratibu bila kukatiza, kisha osha kwa sabuni. Vifaa vya plastiki vya kazi hiyo huuzwa maduka ya dawa kwa paundi chache.

Wakati huohuo, gambuti. Zisugue kwa brashi na maji hadi nyayo zionekane, zikauke kabla ya safari nyingine, kwa sababu tope hubeba magonjwa ya miti kutoka msitu hadi msitu. Tunafanya hivyo pale pale kwenye gari, kwa dumu la lita 5.

Kisha weka tarehe kwenye simu na utazame ngozi. Upele wa Lyme hujitokeza mara nyingi kati ya wiki ya kwanza na ya nne, wakati mwingine baada ya miezi. Vitabu vinasema doa jekundu linalopanuka kwa duara. Kwenye ngozi nyeusi wekundu mara nyingi hauonekani vizuri. Huenda ukaona weusi au zambarau kama jeraha la kugongwa, wakati mwingine lenye joto kidogo, halifutiki na linakua. Mwenzetu mmoja aliliona lake siku ya tisa, nyuma ya goti, akadhani amejigonga kitandani. Tulimwambia alipige picha kila asubuhi na sarafu pembeni. Siku ya kwanza lilikuwa kama sarafu mbili, siku ya nne lilifika upana wa kiganja. Alipompelekea daktari picha nne zimepangwa kwa tarehe, akamtajia tarehe ya msitu, hakukuwa na mabishano wala kusubiri kipimo cha damu, ambacho wiki za mwanzo huweza kusema huna ugonjwa na huku unao. Alipewa doxycycline, dawa ya kuua bakteria, ya siku 21, akaimaliza yote, na Aprili iliyofuata alikuwa wa kwanza kupiga goti kwenye tope, suruali imechomekwa ndani ya soksi nyeupe.